Misalaba Niliyoipaka Watu Wakiwa Kanisani

Ninyi mlionicheka juma lililopita, njooni tena, kicheko bado kipo. Na wewe ambaye hukununua gazeti, usihangaike, nakupa habari kwa ufupi. Mimi ni Hénoch Nyembo, fundi wa rangi wa mtaani, kartye ya Sinyali, hapa hapa Kamina. Mke wangu Lise alibeba godoro na sufuria zote mbili, akarudi kwa wazazi wake Kaniama. Nikarudi kwa mama yangu, Mama Marthe, mwanaume mzima wa miaka thelathini na minne, nikawa nalala kwenye chumba nilichozaliwa. Ndipo Honorable Ambroise akaniita kazini.

Honorable! Hata kura hazijapigwa. Ni mgombea tu wa ubunge wa jimbo, mwenye depo ya bia kwenye kona ya avenyu yetu. Lakini jaribu kumwita "Ambroise" tupu uone atakavyonuna.

Kazi yangu ilikuwa kuandika jina lake ukutani na kumshikia megafoni mikutanoni. Hotuba yake, ya lupango (yaani kiwanja cha mtu) na État (yaani serikali), naijua kuliko Baba Yetu.

"Lupango yako iko ya nani?" anauliza.

"Yangu!" watu wanajibu.

"Iko ya État?"

"Hapana!"

"Basi État inatafuta nini mu lupango yako? Leo agent anakuya kupima choo. Kesho anakuya kuhesabu mbuzi. Kesho kutwa atakuuliza karatasi ya otorizasyo ya kujengea kuku nyumba! Munichague, hakuna agent atapita mulango. Muntu na lupango yake! Unataka kujenga? Jenga! Unataka kuchimba? Chimba! Unataka kufuga mamba? Fuga, mamba iko yako!"

Hapo vigelegele, filimbi, vumbi. Na mimi nilipiga makofi pia, kwa sababu niambie, nani duniani anampenda agent wa kupima choo?

Mtu mmoja tu hakupiga. Mama yangu. Kwenye mkutano wa kwanza alisimama, kitenge cha akina mama wa kanisa kimefungwa barabara kiunoni.

"Honorable, wafwako, aksanti kwa maneno mazuri. Sasa ile ukuta ya depo yako, ulijenga juu ya mufereji. Mvua ikinyesha, maji yote inaingia kwangu. Jiko yangu ilianguka mwaka jana. Kama hakuna agent, nani atakuambia uitoe?"

Mgombea hata hakupepesa macho.

"Mama Marthe, ukuta iko mu lupango yangu. Maji iko ya Mungu. Umulalamikie Mungu."

Kartye nzima ilicheka, mtu mmoja akaanguka na kiti chake cha plastiki. Mimi ndiye nilikuwa na megafoni mkononi. Nilicheka ndani ya megafoni, kicheko kikafika hadi stesheni. Mama hakunisemesha siku mbili.

*

Lakini ilifika wakati mikutano ikaanza kupungua watu. Mgombea wa ng'ambo ya reli alikuwa na muziki, sisi tulikuwa na mamba. Honorable akaniita depo, akafunga mlango.

"Nyembo, bantu banapiga kelele, banarudi ku nyumba, banasahau. Inafaa baogope."

"Baogope nini, Honorable?"

"État."

Hapa kwetu kila mtu anaujua msalaba mwekundu. Mtu wa ofisi ya parsele, yaani ya viwanja, akikupakia msalaba ukutani, nyumba yako ina kesi: imejengwa njiani, au haina karatasi, siku moja itavunjwa. Ukishapakiwa, usingizi kwaheri.

"Paka misalaba ku nyumba za Sinyali," akasema. "Nyumba thelathini na saba. Siku ya tatu minyi nakuya na ndoo na kitambaa, nafuta na mukono yangu mwenyewe, bantu bote banaona. Ambroise anafuta misalaba ya État! Unaona vile itakuwa?"

Nilipaswa kukataa. Nasema bila kujificha, nilipaswa kukataa. Lakini alikuwa ameniahidi cheo, shefu wa komunikasyo, yaani mkuu wa mawasiliano, na kadi ndogo yenye jina langu, na kichwani mwangu nilikuwa nimekwisha kumwona Lise akiisoma ile kadi kule Kaniama na kulia machozi.

"Na kwa mama yako usiruke," akaongeza. "Nyumba yenu ikibaki safi peke yake, hata mutoto wa darasa ya kwanza atajua ni nani alipaka."

Mama hana sertifika, ile karatasi ya État ya kuthibitisha kiwanja. Ana livre tu, kile kitabu kidogo chenye jina la marehemu baba, alichopewa alipoinunua parsele kwa jasho lake la reli. Hana karatasi nyingine duniani.

"Siku tatu tu, Nyembo! Mama yako njo wa kwanza nitamufutia. Na ile ukuta ya mufereji, tutaongea."

Basi nikajiambia nafanya kwa ajili ya jiko la mama. Uongo mtupu. Nilifanya kwa ajili ya kadi.

*

Jumapili asubuhi nilimwambia mama nina malaria. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akaniachia uji, akaenda kanisani.

Saa nne Sinyali haikuwa na mtu. Wakatoliki walikuwa kwao, Wametodisti kwao, wa uamsho kwao na ngoma zao. Na ibada za kwetu zinajulikana: mchungaji akianzia Mwanzo, hakuachii kabla ya Ufunuo. Nikatoka na kopo na brashi.

Na hapo nikafanya kosa la pili. Honorable aliniambia wazi nitumie rangi ya maji, ili itoke kwa kitambaa. Nikapaka msalaba wa kwanza, wa maji. Rangi ikaanza kushuka ukutani, msalaba ukaota ndevu. Sasa, marehemu baba yangu alikuwa anapaka namba kwenye mabehewa. Miaka ishirini na sita, na hakuna tatu yake hata moja iliyoota ndevu. Alinifundisha kwamba nyekundu ni ya mafuta, tena mara mbili, la sivyo uache brashi ukauze nyanya.

Niliutazama ule msalaba wenye ndevu nikashindwa kuuvumilia. Nikarudi kuchukua kopo la rangi ya mafuta iliyobaki nilipopaka geti la kanisa.

Nilipaka yote thelathini na saba. Mikono sawa, pembe sawa, mara mbili. Niliposimama mwisho wa avenyu nikaitazama, niliipenda, Mungu anisamehe.

Aliyebaki kartye alikuwa mzee Umba peke yake, ambaye macho yake yalikwisha kufa, anaota jua mlangoni.

"Nani huyo?"

"Ni État, tata."

"Siku ya Mungu?"

"Kazi iko mingi, tata."

"Basi mupake na mulango yangu, iko na kutu."

Nikampakia mlango. Ukuta wa mama niliuacha wa mwisho. Nilipaka chini ya dirisha lake haraka haraka, nikaosha brashi kwa petroli, nikarudi kitandani kuumwa.

Ibada ilipotoka nikasikia yowe. La kwanza lilitoka kwa Nathalie, mke wa Djo, yule fundi wa rangi mwenzangu anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Halafu la pili, la tatu, avenyu nzima. Nikasikia hatua za mama zikisimama nje ya dirisha. Zikasimama muda mrefu.

Hakulia. Aliingia, akaketi pembeni ya kitanda changu na vazi lake la kanisani, akasema, "Baba yako alibeba matofali ya hii nyumba na kichwa. Moja moja, kutoka kule mutoni."

Nikavuta blanketi. Malaria ikawa ya kweli.

*

Jumatano Honorable akaja na gari, ndoo, sabuni, kitambaa cheupe kipya, na vijana watatu wa kumpiga picha kwa simu. Nyuma yake Sinyali yote. Mimi nimeshika megafoni.

"Mama Marthe! Nani anakutisha?"

"Msalaba," mama akajibu.

"Na nani anakuya kufuta?"

Akachovya kitambaa, akasugua. Msalaba ukamtazama. Akasugua tena, kwa sabuni. Ukang'aa zaidi, kwa kuwa sasa ulikuwa umeoga. Akavua koti. Akasugua mpaka kitambaa kikatoboka.

"Nyembo," akaninong'oneza kwa meno, "hii ni rangi gani?"

"Ya mafuta, Honorable. Mara mbili."

"Juu ya nini ulifanya hivyo?"

"Ya maji inaota ndevu."

Nashukuru Mungu megafoni ilikuwa imezimwa.

Watu wakaanza kucheka. "Honorable, État iko na nguvu!" mmoja akapaza sauti. Simu zote juu. Mgombea akanyang'anya mtu kisu, akaanza kukwangua, kipande cha plasta kikubwa kama sahani kikaanguka chini.

"Wee!" mama akafoka. "Ukuta iko mu lupango yangu!"

Hapo hata vijana wake wa picha walicheka. Na kicheko kilikuwa hakijaisha pikipiki ikasimama. Alikuwa chef Philémon, wa ofisi ya parsele, mtu mkavu, asiyecheka, na rejista kubwa kwapani.

"Nani alipaka hii?" akauliza.

"Si ninyi?" Nathalie akamjibu.

"Shiye tunapakaka na namba na tarehe. Hii haiko na namba."

"Basi futa, chef, turudi ku kazi."

"Mama, haiendi hivyo. Msalaba iko ku ukuta, muji muzima inaona, mukubwa wangu anauliza. Minyi niko na njia mbili. Tukipata muntu mwenye alipaka, iko kosa yake, naweka saini moja, nyumba yote thelathini na saba inakuwa huru. Tusipomupata, nafungua dosye, faili, nyumba kwa nyumba. Mwenye hana sertifika, anaingia ku liste ya kuvunjiwa. Munajua bote, udongo iko ya État. Weye uko tu na haki ya kukaa juu."

Katika avenyu yetu wenye sertifika hawafiki watano.

Honorable akafufuka papo hapo. Akaninyang'anya megafoni.

"Udongo iko ya bantu! Bantu ba Sinyali, muleteni karatasi zenu! Minyi njo avoka yenu, wakili yenu! Hakuna agent atashika karatasi ya muntu hapa, atapita kwangu kwanza!"

Wakakimbia. Wakaleta livre, risiti, barua zenye muhuri wa zamani, vyeti vya ndoa, mmoja akaleta cheti cha ubatizo. Vyote vikaingia katika mfuko mweusi wa Honorable. Mama alikuja mwisho, livre ya baba ameishika kwa mikono miwili.

"Utanirudishia?"

"Mama Marthe, lupango yako iko lupango yangu."

Mama akaitoa. Zipu ilikuwa wazi, nikaiona ikilala juu ya nyingine zote.

Halafu mgombea akageuka. "Na huyu mwenye alipaka ukuta ya muntu bila ruhusa, huyo njo mwizi mukubwa! Ukuta ni mali ya muntu! Afungwe miaka kumi!" Alisema hivyo akinitazama machoni, bila haya. Nikaelewa. Rangi ilikuwa imemshinda kufuta, sasa anatafuta kunifuta mimi.

"Hapa kuna fundi wa rangi?" chef Philémon akauliza.

Vidole vyote vikanielekea.

"Kuya, uangalie. Hii iko mukono ya nani?"

Nikapiga magoti mbele ya msalaba wangu mwenyewe, nikaupapasa kama daktari. Mama alikuwa amesimama kando yangu, mkono juu ya ukuta pale palipobanduka.

"Angalia muzuri, mwana," akaninong'oneza. "Nyumba ya baba yako iko mu macho yako."

Nilijua kinachotakiwa. Jina moja tu, na mama analala ndani ya nyumba yake. Lakini jina langu lina miaka kumi nyuma yake, na Lise atalisikia kule Kaniama, na huko hawatasema shefu wa komunikasyo. Ulimi wangu ukatafuta jina jingine. Ukalipata upesi mno.

"Iko mukono ya Djo," nikasema.

Ndiyo. Mmesoma vizuri. Djo, anayeniazima ngazi yake bila kuuliza nitairudisha lini. Djo, baba wa mapacha.

"Djo yangu?" Nathalie akashika kichwa. "Djo alipaka ku nyumba yake mwenyewe?"

"Ili musimujue!" Honorable akasema haraka. "Bwizi iko na akili!"

Watu wakaanza kumsogelea Nathalie, kelele zao zikimeza alichotaka kusema. Mmoja akaokota fimbo. Chef Philémon akafungua rejista. Na mimi, mshenzi mimi, nilisikia moyo wangu unashuka, unatulia.

"Chef, ngoja," mama akasema.

Alisema polepole. Lakini waliokuwa wakimsogelea Nathalie wakasimama.

"Djo alipanda lori ya kwenda Kinkondja tangu Ijumaa, ku kilio ya mujomba yake. Minyi mwenyewe nilimutuma samaki. Jumapili hakukuwa hapa."

Akanigeukia. Laiti angekasirika.

"Jumapili nilikuacha na malaria."

Nikapangusa vidole kwenye suruali.

"Nilirudi, uji haukuigusa, na chumba yote inanuka petroli. Nilijiambia, Marthe, mutoto anaumwa, usimuulize. Siku tatu sikukuuliza, Hénoch. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

"Mama..."

"Nyamaza."

Akanishika mkono juu ya kiwiko, kama alivyonipeleka kwa mkuu wa shule nilipovunja kioo, akanisimamisha mbele ya ile rejista.

"Andika, chef. Nyembo Hénoch. Iko mwana yangu, minyi njo nilimuzaa. Djo musimuguse."

Nathalie akaketi chini mavumbini, akalia. Hakuna aliyecheka. Mwenye fimbo hakujua aiweke wapi.

"Iko kweli?" chef Philémon akaniuliza.

"Kweli."

Akaandika. Mama akanyoosha shingo kutazama kalamu, ingawa hajui kusoma sana.

"Sasa nyumba inakuwa huru?" akauliza.

"Bado, mama. Nafunga dosye akisema yote. Fundi wa rangi hapakake nyumba thelathini na saba bure. Nyembo, nani alikutuma?"

Nikamtafuta Honorable kwa macho. Hakuwa tena katikati ya watu. Alikuwa ameketi ndani ya gari, mlango wazi, mfuko mweusi mapajani. Karatasi za Sinyali yote zilikuwa humo, na livre ya baba juu yake. Nikitaja jina lake, gari linaondoka nazo. Nisipolitaja, dosye haifungwi, na chef ataanza na nyumba yetu, na mama hana tena hata kile kitabu cha kumwonyesha.

Honorable alinitazama tu, akavuta zipu mpaka mwisho, akamgusa dereva begani. Injini ikawaka.

Mama alikuwa ameligeuzia gari mgongo. Bado alikuwa amenishika mkono.

"Jibu, mwana," akasema. "Bantu banakungoja."